Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Mvuto wa Kudumu wa Filamu ya 2001: A Space Odyssey

Majibu haya yanafichua kisa chote, pamoja na mwisho wake. Msomaji ambaye bado hajaitazama filamu, na angependa kukutana nayo bila kujua yatakayotokea, asome majibu mawili ya mwisho tu, kisha ayarudie mengine baada ya kuitazama.

Filamu hii ni ya nani, na ilitengenezwa lini?

Iliongozwa na Stanley Kubrick, Mmarekani aliyefanya sehemu kubwa ya kazi zake Uingereza, na kisa alikitunga kwa kushirikiana na Arthur C. Clarke, mwandishi Mwingereza aliyekuwa amehamia Sri Lanka, ambayo siku hizo iliitwa Ceylon. Wawili hao walikutana New York mwezi wa Aprili 1964 na kuanzia kwenye hadithi fupi ya Clarke iliyochapishwa mwaka 1951, inayohusu chombo kilichoachwa mwezini na viumbe wa mbali ili kiwaarifu siku wanadamu watakapokifikia. Upigaji picha ulianza mwishoni mwa Desemba 1965 katika studio za Shepperton na Borehamwood, nje kidogo ya London. Filamu ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Washington tarehe 2 Aprili 1968, miezi 15 kabla ya binadamu kutua mwezini.

Kisa chenyewe kinahusu nini?

Zamani za kale, kundi la sokwe-watu wanaoishi kwa njaa na hofu kwenye nyika kame linaamka alfajiri na kukuta bamba refu jeusi limesimama mbele ya pango lao. Wanaligusa, na baadaye mmoja wao anagundua kwamba mfupa unaweza kuwa silaha. Tunaruka miaka milioni 4 na kumkuta Dk. Heywood Floyd akisafiri kwenda mwezini, ambako bamba la namna ile ile limefukuliwa. Mwanga wa jua unapoliangukia, linatuma mlio mkali kuelekea sayari ya Mshtarii. Chombo kiitwacho Discovery kinatumwa huko kikiwa na wanaanga wawili walio macho, David Bowman na Frank Poole, wenzao watatu waliolazwa katika usingizi mrefu wa baridi, na kompyuta inayoendesha kila kitu, HAL 9000. HAL anawaua wote isipokuwa Bowman, naye Bowman anaizima. Akiwa peke yake karibu na Mshtarii, anakutana na bamba jingine, anavutwa kupitia mkondo wa mwanga na rangi, anajikuta katika chumba cha kifahari anamozeeka kwa hatua chache, kisha anageuka kuwa mtoto mchanga anayeelea angani akiitazama Dunia.

Kwa nini bado inatazamwa na kujadiliwa baada ya zaidi ya nusu karne?

Naamini sababu kubwa kuliko zote ni jinsi inavyogawana kazi na mtazamaji. Kila kinachoweza kujulikana kimeshughulikiwa kwa uangalifu mkubwa: kituo cha angani kinazunguka kwa sababu bila mzunguko waliomo wangeelea, nje ya chombo hakuna sauti kwa sababu hakuna hewa ya kuibeba, hivyo tunasikia pumzi za mwanaanga ndani ya kofia yake na basi, maneno ya mtangazaji aliyeko Duniani yanachukua dakika 7 kuifikia Discovery, na kipindi chenyewe kinasema hivyo. Kisichoweza kujulikana, yaani ni nani aliyeliweka bamba na alikusudia nini, hakielezwi hata kwa sentensi moja. Mtu akishaona uaminifu wa namna hiyo katika mambo madogo, huwa tayari kuamini kwamba hata ukimya juu ya jambo kubwa umepimwa, na badala ya kukasirika kwamba hakuambiwa, anaanza kufikiri mwenyewe.

Filamu nyingi za aina hii hufanya kinyume chake: hupuuza namna mambo yanavyofanya kazi, kisha humaliza kwa mhusika mmoja kutueleza siri yote kwa dakika tano. Maelezo ya namna hiyo huchakaa pamoja na elimu ya wakati wake. Kubrick na wenzake walihangaika muda mrefu wakitafuta sura ya viumbe wa mbali, na mwanasayansi Carl Sagan, walipomwomba ushauri, aliwaambia ni afadhali kuwadokeza tu kuliko kuwaonyesha. Mwishowe hawakuonyeshwa kabisa. Hata bamba lenyewe lilipitia uamuzi wa namna hiyo, kwani lilitengenezwa kwanza kwa plastiki nzito inayopitisha mwanga, lakini mbele ya kamera halikuridhisha, ndipo likafanywa jeusi tititi, lisiloonyesha chochote cha ndani.

Mbona inakwenda polepole, na watu hawazungumzi?

Neno la kwanza linasikika baada ya takriban dakika 25, na katika sehemu ya mwisho hakuna mazungumzo kabisa. Ukiyakusanya mazungumzo yote ya filamu hii ya zaidi ya saa mbili, hayafiki dakika 40, na mengi ni ya kawaida mno: salamu za siku ya kuzaliwa kutoka kwa wazazi, sifa za mikate iliyotiwa nyama, adabu za watu wa ofisini. Kubrick alitaka mtazamaji aipokee kama anavyopokea muziki. Mwendo wa polepole una kazi yake pia, kwa sababu kitu kizito kikisogea angani kwa utaratibu, macho hupata nafasi ya kukichunguza na mwili huanza kuhisi ukubwa wake.

Jambo hili lina faida kwa wasiojua Kiingereza vizuri, ambao hupoteza kidogo sana hapa wakilinganishwa na wanachopoteza katika filamu nyingine za Marekani. Hata DJ hodari wa kutafsiri filamu angekaa kimya karibu nusu saa kabla ya kupata neno la kugeuza.

Je, sehemu ya mwanzo ilipigwa Afrika?

Mandhari ni ya Afrika, lakini waigizaji hawakuondoka Uingereza. Wapiga picha walitumwa kwenye jangwa la Namib, katika nchi ambayo leo ni Namibia na wakati huo ilikuwa chini ya utawala wa Afrika Kusini, wakarudi na picha kubwa za mnato za miamba, mabonde na anga la alfajiri. Studioni, picha hizo zilimulikwa kutoka upande wa mbele kwa kutumia kioo kilichowekwa mshazari, kinachopitisha sehemu ya mwanga na kurudisha sehemu nyingine, hadi kwenye skrini kubwa iliyofunikwa kwa kitambaa chenye chembe za kuakisi, jamii ya zile zinazong'arisha alama za barabarani usiku. Mwanga uliowaangukia waigizaji ulikuwa hafifu mno kuonekana. Uliogonga skrini ulirudi moja kwa moja kuelekea kamera.

Kuna mahali ujanja huu unajidhihirisha. Chui ameketi juu ya mzoga usiku, anageuza kichwa, na macho yake yanawaka kama taa. Hiyo haikupangwa: macho ya chui huakisi mwanga kama skrini ile, hivyo yaliurudisha mwanga wa projekta moja kwa moja kwenye lenzi. Picha hiyo ni miongoni mwa zinazotisha zaidi katika filamu nzima.

Sokwe-watu waliigizwa na watu waliofunzwa uigizaji bubu na dansi, wakiongozwa na Daniel Richter, ndani ya mavazi yaliyobuniwa na Stuart Freeborn. Kasoro moja mtazamaji wa Afrika Mashariki ataiona mara moja: yule mnyama mwenye pua ndefu kidogo anayekula majani pamoja nao ni tapiri, ambaye makazi yake ni Amerika ya Kati na Kusini na Kusini-Mashariki mwa Asia, wala hapatikani porini popote Afrika.

Je, habari ya mfupa na silaha ni kweli kisayansi?

Ilikuwa nadharia yenye nguvu wakati huo. Raymond Dart, mwanasayansi aliyetangaza mwaka 1925 fuvu la kale la mtoto lililopatikana Taung, Afrika Kusini, aliamini kwamba wahenga wetu walitumia mifupa, pembe na meno ya wanyama kama silaha, na mwandishi Robert Ardrey akaieneza fikra hiyo kwa kitabu cha mwaka 1961. Baadaye C. K. Brain, aliyechunguza mapango ya Afrika Kusini kwa miaka mingi, alionyesha kwamba mifupa mingi ya aina hiyo ilivunjwa na kukusanywa na wanyama wala nyama. Fuvu moja la Swartkrans, mojawapo ya mapango hayo, lina matundu mawili yanayolingana na meno ya chui. Wahenga hao, basi, walikuwa wakiwindwa. Filamu, labda bila kukusudia, ilikuwa imeionyesha picha hiyo pia, kwa sababu mmoja wa sokwe-watu wake anarukiwa na chui mapema kabisa.

Huku kwetu ushahidi umekuwa wa mawe zaidi kuliko mifupa. Spishi ya binadamu wa kale, Homo habilis, kutoka Bonde la Olduvai, Tanzania, ilipewa jina mwaka 1964, mwaka ule ule Kubrick na Clarke walipokutana. Mwaka 2015 yalitangazwa mawe yaliyochongwa ya Lomekwi, magharibi mwa Ziwa Turkana nchini Kenya, yenye umri wa miaka milioni 3.3. Mtu akiitazama filamu leo akiwa na habari hizi, atasema kwamba zana ya kwanza huenda ilipasua na kuponda chakula kabla ya kuvunja kichwa cha jirani.

Hata hivyo tukio lenyewe halijapungua nguvu. Richter ameketi katikati ya mifupa iliyotawanyika, anainamisha kichwa upande mmoja kana kwamba amesikia kitu, anaokota mfupa mrefu na kuuacha uanguke kwa uzito wake mwenyewe. Mbavu zilizo chini zinaruka. Anapiga tena, safari hii kwa kukusudia, tena kwa nguvu, hadi fuvu linasambaratika. Sijaona popote pengine wazo likizaliwa usoni na mikononi mwa kiumbe kwa uwazi kama huo, tena bila neno. Kisha anaurusha mfupa juu, na picha inakatwa kwenda kwa chombo kinachoelea angani, miaka milioni 4 imepita. Mfupa ule unaopaa ulipigwa picha nje ya studio ya Borehamwood, karibu na barabara yenye magari yanayopita.

Walitengenezaje picha za anga bila kompyuta?

Kwa mikono, vioo, vyuma na subira. Jumba la ndani la Discovery lilikuwa gurudumu halisi lenye kipenyo cha takriban mita 12, lililojengwa na kampuni ya Vickers-Armstrong kwa gharama iliyotajwa kuwa dola 750,000. Poole anapokimbia akizunguka ukuta mzima, gurudumu ndilo linalozunguka, naye anabaki chini kama panya katika kizimba chake cha mazoezi. Kalamu inayoelea ndani ya chombo cha kwenda kituoni ilibandikwa tu kwa utepe unaonata pande zote mbili kwenye kipande cha kioo kilichozungushwa mbele ya kamera. Ukimtazama mhudumu kwa makini anapoichukua, utaona anaibandua.

Vyombo vya angani vilikuwa mifano midogo iliyopigwa picha taratibu sana, kisha ukanda ule ule wa filamu ukahifadhiwa, wakati mwingine kwa miezi, ili nyota, sayari na watu walioko madirishani waongezwe juu yake kila mmoja kwa zamu yake. Kosa moja katika hatua ya mwisho liliharibu kazi yote iliyotangulia. Walifanya hivyo ili kuepuka kunakili ukanda, kwa kuwa kila nakala hupoteza ukali wa picha, na ndiyo maana picha hizo bado ni kali na safi hata zikiwekwa karibu na filamu za leo. Mkondo wa mwanga wa mwisho ulibuniwa na Douglas Trumbull, kijana aliyekuwa na umri wa miaka ishirini na ushei, kwa kusogeza kamera mbele ya mwanya mwembamba wenye michoro nyuma yake huku lenzi ikiwa wazi.

Muziki wake ulichaguliwaje?

Alex North aliandika muziki mpya, lakini Kubrick aliuacha na kubaki na santuri alizokuwa akizitumia wakati wa uhariri. Mlio mkuu wa tarumbeta ni wa Richard Strauss, kazi ya mwaka 1896. Mdundo wa dansi unaosindikiza kituo kinachozunguka ni wa Johann Strauss wa Vienna, ambaye hawakuwa na udugu. Sauti zile za kwaya zinazosikika bamba linapotokea, isipokuwa mara ya mwisho, ni za György Ligeti, aliyekuwa hai na ambaye hakuwa ameombwa ruhusa ipasavyo. North naye aligundua kwenye onyesho kwamba kazi yake haimo. Sioni haja ya kuwatetea waliofanya hivyo, ingawa kisanaa uamuzi ulikuwa sahihi.

Kwa nini HAL aliua?

Filamu haijibu moja kwa moja, lakini ushahidi umo. HAL anatangaza kwamba kifaa kimoja cha antena kitaharibika baada ya saa 72. Wanaanga wanakitoa, wanakipima, hawaoni kasoro, na kompyuta pacha iliyoko Duniani inasema HAL amekosea. Bowman na Poole wanajifungia ndani ya chombo kidogo, wanazima sauti na kukubaliana kumzima ikibidi. Kamera inahamia kwenye midomo yao kupitia dirisha, na tunatambua kwamba HAL anaisoma. Baadaye, akiwa amekwisha kuzimwa, unajifungua ujumbe wa Floyd uliorekodiwa, unaosema kwamba katika safari yote ni HAL peke yake aliyejua habari ya bamba.

Mashine iliyoundwa kutoa taarifa sahihi bila kupotosha ilikuwa imeamriwa kuwaficha wenzake sababu ya safari yao. Clarke mwenyewe alilieleza jambo hilo hivyo katika kitabu cha baadaye. Nadhani hapa ndipo filamu inapozidi kuwa ya lazima katika zama hizi za akili unde. Hofu ya mashine inayotuchukia ni hofu nyepesi, ya kuchezea watoto. HAL hachukii mtu. Amepewa amri mbili zisizopatana na watu waliozitoa hawakufikiria zingekutana wapi, kisha akatafuta njia ya kuzitimiza zote mbili: wasipokuwepo wa kufichwa, hakuna wa kudanganywa.

Sauti yake ni ya Douglas Rain, mwigizaji wa Kanada, na haipandi wala haitetemeki. Bowman anapoingia kwenye chumba chekundu cha kumbukumbu na kulegeza vipande kimoja baada ya kingine kwa bisibisi, HAL anasema anaogopa, kwa utulivu ule ule aliotumia kusifia michoro ya Bowman. Anarudi nyuma hadi somo lake la kwanza na kuimba wimbo wa zamani wa mapenzi na baiskeli, sauti ikizidi kuwa nzito. Wimbo huo kompyuta ya kampuni ya IBM iliuimba kweli katika maabara za Bell mwaka 1961, na Clarke aliwahi kuusikia huko. Watazamaji wengi humhurumia muuaji huyu kuliko waliouawa, na ninawaelewa.

Je, jina HAL ni fumbo la IBM?

Hapana. Herufi za HAL hutangulia zile za IBM kwa hatua moja moja, lakini Clarke alikanusha kwamba walikusudia hivyo.

Ilitabiri nini sawasawa, na ilikosea wapi?

Bowman na Poole wanakula huku wakitazama habari kwenye skrini nyembamba mfano wa tableti iliyolala mezani. Mwaka 2011 kampuni ya Samsung iliitaja picha hiyo katika kesi yake na Apple ili kuonyesha kwamba umbo hilo halikuwa jipya. Floyd anampigia binti yake simu ya video, na mtoto huyo ni Vivian, binti wa Kubrick mwenyewe. Kwa upande mwingine, ndege ya kwenda kituoni ina jina la Pan Am, kampuni iliyofungwa mwaka 1991, na Wasovieti wangali wapo. Dunia inaonekana imepauka kupita kiasi kwa sababu picha maarufu za wanaanga wa Apollo 8 zilipigwa Desemba 1968, baada ya filamu kutoka.

Mwisho wake una maana gani?

Kubrick alikataa kwa makusudi kutoa tafsiri moja, nami sitajifanya ninayo. Linaloweza kusemwa kwa hakika ni kwamba bamba hutokea kila mara kiumbe anapokaribia kuvuka kiwango fulani: sokwe-watu kabla ya zana, wanadamu walipofika mwezini, Bowman kitandani. Zingatia pia glasi anayoiangusha akiwa mzee mezani; ikivunjika, anaitazama, kisha anageuka na kujiona amelala anakufa. Baadhi wanaona humo wokovu na wengine wanaona tishio, kwa kuwa mara ya mwisho kiumbe alipobadilishwa na bamba, jambo lake la kwanza lilikuwa kuua.

Ilipokelewaje ilipotoka?

Vibaya na wengi wenye sauti. Baadhi ya waliohudhuria maonyesho ya kwanza walitoka kabla ya mwisho, mhakiki Pauline Kael aliiponda, na Kubrick alikata takriban dakika 19 ndani ya siku chache. Vijana ndio walioiokoa kwa kurudi kuitazama tena na tena. Ilimpatia Kubrick tuzo ya Oscar ya picha za ujanja, Oscar pekee aliyoipata maishani. Mwaka 2022, waongozaji wa filamu waliopiga kura katika jarida la Uingereza la Sight and Sound waliiweka nafasi ya kwanza miongoni mwa filamu zote.

Niitazame vipi kwa mara ya kwanza?

Tafuta skrini kubwa kuliko zote unazoweza kuzipata, zima taa, na kama huna spika nzuri tumia vipokea sauti vya masikioni. Mwanzoni skrini hubaki nyeusi kwa karibu dakika 3 huku muziki wa Ligeti ukisikika. Faili lako si bovu, usilirushe mbele. Kuna mapumziko baada ya katikati ya filamu, na huo ndio wakati mzuri wa kunyoosha miguu. Weka simu mbali, hasa katika dakika 25 za mwanzo, kwani atakayezikatiza hataelewa kwa nini mkato wa mfupa unasifiwa.

Nisome kitabu kwanza?

Soma baadaye. Clarke alikiandika sambamba na filamu, kikatoka mwaka 1968, nacho kinaeleza kwa maneno mengi ambayo filamu inayaacha, ikiwemo vipimo vya bamba, ambavyo ni 1 kwa 4 kwa 9. Safari ya kitabu huishia Zohali. Filamu ilihamishiwa Mshtarii kwa sababu pete za Zohali zilishindikana kutengenezwa kwa kuridhisha. Clarke aliendelea na vitabu vitatu zaidi. Kuna pia filamu ya mwendelezo ya mwaka 1984, iliyoongozwa na Peter Hyams. Inaeleza yaliyompata HAL, kompyuta ya chombo, na ina uigizaji mzuri, lakini itazame kama jibu la mtu mwingine kwa swali ambalo Kubrick aliliacha wazi.